"Hakuandika Yeye!" na Dhana Nyingine Kuhusu Riwaya za Mastaa

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari hapa Uingereza. Wazazi wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo wakishagundua kwamba nasema Kiswahili, barua pepe hukoma na simu huanza. Na simu zinazohusu riwaya za mastaa zina mwanzo mmoja: "Dada, hivi unajua kwamba huyo msichana hakuandika hicho kitabu?"

Najua, mama. Nimejua tangu 2014. Nimechoka kujua. Nijibu basi kwa maandishi, simu zipungue.

Dhana: staa hakuandika mwenyewe, kwa hiyo waliokisifia kitabu wamedanganywa

Kisa kinachotajwa kila mara ni cha *Girl Online*. Zoe Sugg, ambaye vijana walimjua kama Zoella, alikuwa na mamilioni ya wafuasi YouTube akiongelea vipodozi, mavazi na hofu iliyokuwa ikimsumbua. Novemba 2014 wachapishaji Penguin wakatoa riwaya yake. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 78,109 hapa Uingereza, na tangu Nielsen BookScan, wanaohesabu mauzo ya vitabu, waanze kuweka hesabu hakuna mwandishi wa kitabu cha kwanza aliyekuwa amefikia idadi hiyo kwa wiki moja. Haukupita muda magazeti yakaja juu: kuna mkono wa mtu. Penguin wakakiri kwamba Sugg hakuandika peke yake. Aliyetajwa kuwa msaidizi ni Siobhan Curham.

Wazazi wengi huishia hapo, wakaridhika kwamba wamemkamata mwizi. Mimi ndipo ninapoanzia.

Kwanza, jina la Curham halikuibuliwa na kachero. Lilikuwa limechapwa ndani ya kitabu tangu siku ya kwanza, kwenye shukrani, akitajwa kuwa miongoni mwa waliokuwa na Sugg hatua kwa hatua. Waliopiga kelele hawakufika ukurasa huo. Pili, Curham hakuokotwa barabarani. Alikuwa mwandishi wa vijana mwenye jina lake. Riwaya yake *Dear Dylan*, ya msichana anayemwandikia barua pepe staa wa tamthilia anayemhusudu, ilishinda tuzo ya Young Minds mwaka 2010. Wachapishaji walikuwa na msichana maarufu mwenye la kusema kuhusu wasiwasi, wakamtafutia mtu anayejua kulifanya jambo hilo liwe sura ya kitabu. Hiyo ni kazi ya uchapishaji kama ilivyo.

Tatu, na hili ndilo linalonipandisha presha: wasichana waliokisifia walisifia nini? Mhusika mkuu ni Penny, ana miaka 15, anaandika blogu bila kutaja jina lake. Hofu humvamia ghafla. Anaanguka jukwaani kwenye mchezo wa kuigiza wa shule, video ikasambaa, akatamani ardhi immeze. Waliokuja kukirudisha kitabu hapa dawatini waliniambia habari za hizo sura: moyo kwenda mbio, pumzi kukatika, kuhisi kwamba kila mtu darasani anakutazama. Wengine walisema walikuwa hawajawahi kukutana na jambo hilo kitabuni. Na kasoro walizitaja vilevile, tena bila huruma: yule mvulana wa New York ambaye Penny anampenda ni mzuri kupita kiasi, na siri yake msomaji anaibaini mapema mno, Penny bado hana habari. Hayo ni maoni ya wasomaji. Yanatoka kwenye kurasa. Ukija kujua nani alikaa kwenye kompyuta akachapa, sura ya hofu haibadiliki hata nukta. Kinachobadilika ni unavyomwona Zoella, na huyo si kitabu.

Kama mnataka kukasirika, nawaonyesha pa kukasirikia. Mwandishi kivuli hukaa na staa, huchukua wazo, wahusika na visa, hupanga mtiririko, huandika rasimu. Staa husoma na kurudisha, mhariri hukata na kushona. Wakati mwingine staa amechangia sana, wakati mwingine ameleta jina na picha ya jalada tu. Sugg alisema hadithi na wahusika ni vyake na kwamba mtu anayejaribu jambo jipya huhitaji msaada. Lakini mkataba ndio unaoamua msaidizi atalipwa mara moja kisha kwaheri, au atapata sehemu ya mauzo. Jina lake litaonekana, au atafungwa mdomo. Dhuluma ikiwepo, iko kwenye mkataba. Sijawahi kupigiwa simu na mzazi anayeuliza, "Dada, huyo aliyeandika alilipwaje?"

Wala mchezo huu haukuanza na YouTube. Nancy Drew, yule binti mpelelezi ambaye bibi za Wamarekani walikua naye, alizaliwa 1930 kwa jina la mwandishi Carolyn Keene. Carolyn Keene hajawahi kuishi. Edward Stratemeyer alikuwa na kampuni iliyotoa mihtasari ya visa na kuwagawia waandishi. Vingi vya vitabu vya mwanzo viliandikwa na Mildred Wirt Benson, ambaye mwanzoni alilipwa dola 125 kwa kitabu na kuachia haki zake zote. Umma ulikuja kumfahamu vizuri alipotoa ushahidi mahakamani mwaka 1980. Wasomaji wa Nancy Drew ni vizazi na vizazi, na hakuna anayewaita mazuzu.

Wapo wanaofanya jambo hili kwa adabu. Mwigizaji na mwimbaji Hilary Duff alipotoa *Elixir* mwaka 2010, jina la Elise Allen lilikuwepo pamoja na lake. Marcus Rashford, ambaye watoto wenu wanamjua kwa mabao, alitoa riwaya ya kwanza ya *The Breakfast Club Adventures* mwaka 2022, na jina la Alex Falase-Koya liko pale pale kwenye jalada. Watoto hawakuacha kuiazima kwa sababu hiyo. Nikiwauliza wale wa klabu yangu ya kusoma huyo wa pili ni nani, hujibu, "Ndiye mwandishi, miss," kisha wanaendelea na habari za dubwana lililo nyuma ya uzio. Wao hawana tatizo. Tatizo ni letu watu wazima.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wamechoka kuusikia: kabla hujatoa maoni juu ya kitabu cha staa, fungua kurasa tatu. Ukurasa wa jina, ule wa hakimiliki, na shukrani. Tafuta neno "pamoja na". Angalia hakimiliki ni ya mtu au ya kampuni. Kwenye shukrani, ukishawatoa mama mzazi, wakala na mhariri, angalia nani kabaki. Dakika mbili tu. Anayekuja kwangu na malalamiko bila kufungua kurasa hizo namrudisha akazisome, awe mtoto awe mzazi.

"Haya, basi wote wanaandikiwa."

Si wote. Chris Colfer, mwigizaji wa *Glee*, alianza mfululizo wa *The Land of Stories* mwaka 2012, ukafika vitabu sita. Hakuna jina la pili kwenye hadithi, na ameendelea kuandika hata baada ya tamthilia kwisha. Lupita Nyong'o aliandika *Sulwe* (2019) kutokana na aliyoyapitia mwenyewe kuhusu rangi ya ngozi yake, na mchoraji Vashti Harrison ametajwa jaladani. Hicho ni kitabu cha picha, si riwaya, lakini nakitaja kwa sababu kila nikikitoa rafuni kuna atakayeuliza, "Na huyu naye kaandikiwa na nani?" Jamani.

Dhana: maoni juu ya riwaya za vijana yanatoka kwa vijana

Bowker, wanaofuatilia soko la vitabu Marekani, walitoa matokeo ya utafiti mwaka 2012: asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyotengwa kwa wenye miaka 12 hadi 17 walikuwa na miaka 18 au zaidi. Kundi kubwa kati yao lilikuwa la miaka 30 hadi 44. Wala si kwamba walikuwa wakiwanunulia watoto. Mara nyingi walisema wananunua wasome wenyewe.

Kwa hiyo ukikuta mtu amelalamika mtandaoni kwamba "lugha ni nyepesi mno" au "mapenzi yenyewe ya kitoto", huenda ana umri wa miaka 38 na mkopo wa nyumba. Lugha ni nyepesi kwa sababu msomaji aliyekusudiwa ana miaka 13. Mapenzi ni ya kitoto kwa sababu wahusika ni watoto. Maoni ya mtu mzima yana nafasi yake, ila asiyageuze kuwa hukumu kwa niaba ya binti yangu na yako.

Dhana: nyota 3.6 zinaonyesha ubora wa kitabu

Kitabu cha staa hupata nyota tano kutoka kwa mashabiki na nyota moja kutoka kwa wanaomchukia, na wote wawili wanaweza kuwa hawajakifungua. Wastani unaotoka hapo si maoni ya mtu yeyote. Goodreads, tovuti ambako wasomaji huvipa vitabu nyota, huruhusu watu kuzigawa kabla kitabu hakijatoka. Mwaka 2023 Elizabeth Gilbert, tena huyu ni mwandishi wa watu wazima, alisimamisha utoaji wa riwaya yake iliyowekwa Siberia baada ya kumiminiwa mamia ya nyota moja na watu ambao hawakuwa wameisoma. Walichukia kwamba ni ya Urusi wakati Ukraine iko vitani. Unaweza kukubaliana nao, lakini hawakuwa wakizungumzia riwaya.

Ninachofanya mimi ni kuruka tano na moja, nikasoma waliotoa mbili, tatu na nne. Hao hutaja sura, mhusika, mahali walipochoka.

Dhana: kimeongoza mauzo, basi vijana wanakipenda

Agosti 2017 riwaya ya *Handbook for Mortals* ya Lani Sarem, mtu aliyetokea kwenye biashara ya muziki na burudani, iliibuka namba moja kwenye orodha ya vitabu vya vijana ya New York Times. Hakuna aliyekuwa ameisikia. Waandishi na wauza vitabu wakaanza kuulizana mtandaoni, ikabainika kwamba maduka yalikuwa yamepigiwa oda za nakala nyingi kwa mkupuo. Siku hiyohiyo gazeti likaiondoa na namba moja ikarudi kwa riwaya ya Angie Thomas, *The Hate U Give*. Vijana ndani ya vurugu hiyo hawakuwemo kabisa. Mauzo yanakuambia nani kalipa. Mimi naangalia kitabu kimeazimwa mara ngapi na kimerudi kikiwa kimechakaa kiasi gani.

Dhana: vitabu hivi vitamlemaza, hatagusa vitabu vizito tena

Hii nayo huja na mfano wa mjomba aliyesoma Shakespeare akiwa darasa la sita. Hongera zake.

Rashford mwenyewe amesema alianza kusoma vitabu akiwa na miaka 17. Alipoanzisha klabu yake ya vitabu, shirika la National Literacy Trust lilikuwa likikadiria kwamba watoto zaidi ya 380,000 nchini Uingereza hawana hata kitabu kimoja chao wenyewe. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hachagui kati ya riwaya ya staa na Dickens. Anachagua kati ya riwaya ya staa na simu.

Stephen Krashen, mtaalamu wa ujifunzaji lugha, amelitetea kwa miaka mingi jambo ambalo wakutubi tunaliona kila siku: kusoma kwepesi ndiko kunakomfikisha mtu kwenye kusoma kuzito, kwa sababu msamiati na kasi hujengwa na wingi wa kurasa. Mwaka 1994 yeye na Kyung-Sook Cho walichapisha utafiti juu ya wanawake wachache wahamiaji nchini Marekani, wengi wao kutoka Korea, waliokuwa na miaka mingi ya masomo ya Kiingereza na bado wanakiogopa. Walipewa *Sweet Valley Kids*, vitabu vya watoto vilivyotoka kwa jina la mwandishi la kubuni. Ndiyo, vya waandishi kivuli! Wakanogewa, wakasoma kimoja baada ya kingine, msamiati wao ukapanda na woga ukapungua.

Ndiyo maana sasa mama akinipigia simu kulalamikia riwaya ya staa, namuuliza kama yeye ameisoma. Mara nyingi hajaisoma, kwa sababu Kiingereza cha kitabu kinamchosha baada ya zamu ya usiku. Hiki hakitamchosha, sentensi zake ni fupi. Mwanao akikimaliza usikirudishe. Nipigie nikuongezee wiki tatu, ukisome, halafu mbishane wawili mezani kuhusu yule mvulana wa New York.