"Borrow" na mkono unaotoa

"Teacher, can you borrow me a pen?" Sentensi hii naisikia karibu kila wiki kwa Wachina ninaowafundisha Kiingereza. Hapo ilitakiwa "lend", kumpa mtu kitu akitumie, si "borrow", kukichukua kwake. Lakini sicheki, maana najua inakotoka. Kichina kina kitenzi kimoja, jiè, kwa anayetoa na kwa anayepewa. Mtu akisema "wǒ jiè tā yì běn shū", huenda amempa mwenzake kitabu, huenda amekichukua kwake. Wakitaka kuondoa utata huongeza neno: "jiè gěi", kitu kinatoka, "gēn tā jiè", kitu kinaingia.

Na sisi tusijivune. "Niazime jembe" na "nimeazima jembe kwa jirani" ni kitenzi kilekile. Kwenye pesa ndipo tunapokuwa makini: kuna kukopa na kuna kukopesha, na hakuna anayechanganya!

Kwa hiyo darasani siandiki kanuni ubaoni. Naweka kalamu mezani katikati ya wawili. Anayeivuta kwake anasema "borrow", na "from" inafuata. Anayeisukuma kwa mwenzake anasema "lend", na "to" inafuata. Wakirudia mara kumi hivi, mkono unazoea kabla ya ulimi.

Kosa la pili ni gumu zaidi, na kwa kiasi fulani limeletwa na mitihani. Shule za China husisitiza kwamba "borrow" ni tendo la mara moja, kama kuvuka kizingiti, hivyo muda uhesabiwe kwa "keep": "I have kept this book for two weeks." Hapo wako sawa, kitabu ulikiazima siku moja tu, zilizobaki unakaa nacho. Lakini mwanafunzi akishakariri hivyo, anaogopa hata "Can I borrow it for a week?", ambayo Waingereza wenyewe wanaisema kila siku. Muda ule ni wa ruhusa unayoomba. Hiyo naiachia ipite.

Halafu kuna vitu visivyobebeka. Kichina huazima hata choo, na hata njia: anayetaka kupita kwenye msongamano husema "jièguò", kama vile anaazima kwako nafasi ya kupita. Kwa choo nawafundisha "use". Kwa njia, "excuse me". Juzi mmoja alinikuta nimeziba mlango na mafaili yangu, akasema kwa adabu zote, "Teacher, borrow, borrow." Nikasogea.