Rimu na tairi za gari la spoti la zamani: anza na tairi, rimu ifuate

Wengi wanaoniletea magari ya spoti ya zamani hapa Mwanza huja na picha ya rimu kwenye simu. Rimu wameshaipenda, wengine wameshailipia, na kwangu wanatafuta tairi ya kuivalisha tu. Mimi huwaomba tuanze upande wa pili. Tairi ndiyo inayoshika lami, ndiyo inayoisha, na ndiyo itakayopasuka siku moja kati ya Lamadi na Bunda ikubidi uitafute nyingine. Kama saizi yake haipo madukani Kanda ya Ziwa, gari litakaa juu ya mawe hadi mzigo ufike kutoka Dar es Salaam au Japani.

Nitatumia Datsun 240Z kama mfano, kwa sababu nalipenda gari hilo na kwa sababu lina heshima yake kwetu. Lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ni gari la silinda 6, uzito wake ni kama tani moja, na lilitoka kiwandani na rimu nyembamba za chuma za inchi 14 zenye upana wa inchi 4.5, na tairi za 175 R14. Kama lako ni gari lingine, hesabu ni zilezile, namba tu ndizo zitakazobadilika.

Kwanza elewa ile 175 R14 ambayo haina namba ya tatu. Siku hizi tairi huandikwa, kwa mfano, 195/65R15: upana mm 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15. Tairi za zamani zisizo na namba ya katikati zilikuwa na ubavu mrefu, karibu asilimia 80 ya upana wake. Piga hesabu: inchi 14 ni mm 356, ongeza ubavu wa juu na wa chini, mm 140 kila mmoja, unapata kipenyo cha mm 636 hivi. Namba hiyo iandike mahali, maana ndiyo inayotawala kila kitu. Gia, mita ya mwendo, kimo cha gari na nafasi ndani ya madigadi, vyote vilipangwa na kiwanda kwa kuifuata.

Sasa nenda dukani na 636 yako. Utapewa 185/60R14 kwa bei nzuri. Kipenyo chake ni mm 578, pungufu kwa asilimia 9. Gari litashuka karibu sentimita 3, na kwa matuta tuliyonayo hapa mjini utakuwa unakwangua ekzosi kila siku. Mita ikikuonyesha 100, kwa kweli unakwenda 91. Injini nayo itapiga kelele kwa mizunguko mingi kuliko inavyostahili safari nzima.

Mtego mbaya zaidi ni tairi za Hiace. Muuzaji ataona umeandika "R14" bila namba ya katikati, atakuletea 185R14C au 195R14C, na atakuambia kwa nia njema kabisa, "Kaka, hii ndiyo yenyewe, na ni ngumu, haipasuki." Ile herufi C mwishoni inamaanisha tairi ya gari la mizigo. Ya 185R14C kwa kawaida huwa na namba 102 ubavuni, yaani kila moja inabeba kilo 850. Nne zinabeba zaidi ya tani 3, na gari lako ni tani moja! Ubavu wake umetengenezwa kwa mzigo mzito na upepo mwingi. Chini ya gari jepesi haupindi inavyotakiwa, tairi haikai vizuri barabarani, na mvua ikinyesha kwenye mteremko wa Bugando utaona breki inashika lakini gari linateleza. Sijawahi kukubali kufunga tairi hizo kwenye gari la spoti na sitakubali, hata mteja akikasirika.

Zinazofaa ni hizi. 195/70R14 ina kipenyo cha mm 629, karibu sawa kabisa na ya kiwandani, na ndiyo chaguo langu kwa anayetaka gari libaki na sura yake ya asili. Lakini inahitaji rimu ya upana wa inchi 5 au zaidi, kwa hiyo zile za asili za 4.5 hazifai. Asiyetaka kubadili rimu avae 185/70R14, mm 615. Atapoteza sentimita moja ya kimo, na hilo linavumilika, tena tairi hiyo ni rahisi kuipata. Na kwa anayetumia gari kweli, siyo la kuoshwa Jumapili tu, namshauri 195/65R15 kwenye rimu ya inchi 15 yenye upana wa 6. Kipenyo chake ni mm 635. Ni saizi inayovaliwa na magari mengi ya familia yanayotembea hapa mjini, kwa hiyo hata Sengerema au Geita huwezi kukwama. Inchi 16 na 17 zinawezekana kwa hesabu, ila ubavu unakuwa mfupi na shimo moja la barabarani linatosha kukunja rimu. Kwa gari hili na barabara hizi, sioni sababu.

Ukishachagua tairi, ndipo rimu. 240Z ina nati 4 kwenye duara la mm 114.3. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama. Rimu nyingi za matundu manne zilizojaa madukani ni za mm 100, hazitaingia, na usimruhusu mtu yeyote azichonge matundu. Tundu la katikati nalo liingie kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hukaa juu yake, ambayo kwa Z ni karibu mm 73. Rimu za Toyota mara nyingi zina tundu dogo zaidi ya hapo.

Kinachowasumbua wengi ni ofseti, ile namba inayoandikwa ET nyuma ya rimu. Ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani. Ikiwa ndogo, inatoka nje. Magari ya kisasa yanayovuta kwa mbele huvaa ET35 hadi 45. Magari ya zamani yanayosukuma kwa nyuma huwa na namba ndogo, karibu na sifuri. Chukulia rimu ya zamani ya inchi 5 yenye ET15, uibadilishe kwa ya inchi 7 yenye ET40. Kwa nje huoni tofauti yoyote, lakini kwa ndani rimu imeingia sentimita 5. Kwenye Z, mbele na nyuma, springi imekaa juu ya shokapu, na kiti chake, ile sahani inayoishikilia springi, kipo jirani kabisa na ubavu wa tairi. Sentimita 5 hazipo pale. Ya inchi 6 yenye ET10 ingeingia ndani mm 8 tu na kutoka nje mm 18, na hapo unaweza kuishi.

Rimu za mtumba nyingi zimefutika namba, kwa hiyo jifunze kupima mwenyewe. Ilaze rimu kifudifudi juu ya gunia. Weka kipande cha bomba la pembe nne, kilichonyooka, juu ya kingo za nyuma. Pima kutoka chini ya bomba hadi uso unaokaa kwenye habu; tuseme umepata mm 99. Kisha pima upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo, tuseme 178. Nusu yake ni 89. Toa 89 kwenye 99, ofseti yako ni 10.

Kuhusu spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu ili kusukuma rimu nje, msimamo wangu ni mkali: kama rimu inahitaji spesa nene ili ikae, hiyo siyo rimu ya gari lako. Usukani unakuwa mzito, beringi zinaisha mapema.

Funga moja kwanza, bila kuagiza zote. Ukiwa na tairi juu yake, kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, huku mtu mzito amekaa kwenye pembe ya gari. Pitisha kidole kati ya tairi na kiti cha springi. Kidole kisipopita, hapana.

Kisha nati, na hapa nawaomba sana msome polepole. Bolti za Nissan na Datsun ni M12 zenye nyuzi za 1.25, yaani unene wa mm 12 na mm 1.25 kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Za Toyota ni M12 zenye nyuzi za 1.5. Kwa macho zinafanana, na Mwanza kopo la nati kwenye kila kijiwe cha pancha limejaa za Toyota. Nati ya Toyota ikiwekwa kwenye bolti ya Datsun, inaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono halafu inagoma. Fundi mwenye haraka anaona ni kutu, anaongeza nguvu kwa spana, nati inajichongea njia na kuonekana imekaza. Nyuzi zimekufa. Siku moja rimu inachomoka. Nati sahihi inazunguka kwa vidole hadi karibu iguse rimu. Na kwa kuwa rimu za aluminiamu ni nene kuliko za chuma, hesabu mizunguko: kwa nyuzi za 1.25 nataka isipungue 10. Ikipungua, badilisha bolti uweke ndefu. Angalia pia umbo la nati, kwa sababu tundu la koni linataka nati ya koni, siyo ile ya bapa yenye washa.

Aluminiamu au chuma? Chuma kikipinda kinanyooshwa. Aluminiamu ni nyepesi na inapendeza, na mikono minane ya rimu za Watanabe juu ya Z ni kitu cha kukaa na kukitazama. Nunua yenye alama ya JWL, kiwango cha Japani, na kagua sehemu ya nyuma kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari wa kulehemu, irudishe.

Na soma umri wa tairi. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na mifereji mirefu na mpira uliokwisha kukauka, hasa ikikaa juani nje ya duka. Yenye nyufa ndogo ubavuni usiichukue hata kwa bure. Upepo anza na PSI 28, upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Nunua tano, siyo nne, na hakikisha ya tano inaingia kwenye shimo la spea. Baada ya kufunga, nenda hadi Magu, simama, acha rimu zipoe, kisha kaza nati tena kwa mkono wako mwenyewe.