Limfoma imerudi: kwa nini dozi inapandishwa?

Limfoma ya baba ilitibiwa, ikarudi. Sasa anapangiwa kemotherapi ya dozi kubwa. Dawa zilishindwa mara ya kwanza. Kuongeza si kumtesa bure?

Una haki ya kuuliza. Limfoma ni saratani ya mitoki, na seli zake zikistahimili dozi ya kawaida bado zinaweza kufa kwa dozi kubwa. Tatizo ni kwamba dozi hiyo inaua pia uboho, kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Ndiyo maana seli shina za mgonjwa mwenyewe, yaani seli mama zinazozaa seli za damu, huvunwa mapema, zikagandishwa, na kurudishwa dawa zikishamaliza kazi. Kinachopigana na saratani ni dawa. Seli hizo zinakuja kumwokoa mgonjwa kutokana na makali ya dawa hizo.

Kupandikiza seli ni upasuaji?

Hapana. Sindano za filgrastimu huzisukuma seli shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, kisha mashine huzichuja. Kuzirudisha ni kama kuongezewa damu. Siku hiyo chumba kinaweza kunuka kitunguu saumu: ni dawa ya kuhifadhia seli, msishtuke.

Kila ambaye limfoma imemrudia anafaa?

La, na hili ndilo ningependa kila familia iulize mapema. Kwanza mgonjwa hupewa mizunguko kadhaa ya dawa tofauti na za mwanzo. Mitoki ikinywea, saratani bado inasikia dawa. Utafiti wa PARMA uliochapishwa mwaka 1995 ulifuatilia wagonjwa 109 wa aina hiyo, wenye limfoma kali. Baada ya miaka 5, asilimia 46 ya waliopata dozi kubwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa waliobaki na dozi ya kawaida ilikuwa asilimia 12.

Mitoki isiponywea, faida hupungua sana. Hapo muulizeni daktari kuhusu CAR-T, ambapo seli za kinga za mgonjwa hubadilishwa maabara ili ziitambue saratani.

Siku ngumu ni zipi?

Wiki mbili hivi baada ya seli kurudishwa, kabla uboho haujaamka: vidonda mdomoni, kuhara, uchovu mzito, kinga karibu sifuri. Homa ya nyuzi 38 ni dharura hata usiku wa manane, msingoje kukuche.

Anayetaka kuzaa baadaye azungumzie kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya dawa kuanza. Chanjo za utotoni nazo hurudiwa, kwa kuwa mwili huwa umezisahau.