Bajeti ya hewa ukaa ya jiji ni nini hasa?

Ukitaja bajeti ya hewa ukaa, yaani ile gesi ya moshi wa magari na viwanda inayopasha dunia joto, watu wengi wanadhani ni fungu la hela limetengwa kwa ajili ya mazingira, yaani miche ya miti, semina, na siku ya usafi basi imeisha. Hapana jamani. Bajeti ya kawaida inasema mwaka huu tuna hela kiasi hiki, kila idara na fungu lake na hakuna kuzidisha, sasa hii nayo ni hivyohivyo ila kinachohesabiwa ni tani za hewa ukaa, jiji linajiwekea kikomo cha mwaka, afu kila hatua inaandikwa itapunguza tani ngapi, lini, na idara gani itaulizwa isipofanyika.

Walioanza ni Oslo, mji mkuu wa Norway, ya kwanza waliitoa 2016 kwa ajili ya mwaka 2017. Na walichofanya cha maana ni kuiweka humohumo kwenye kitabu cha bajeti ya fedha, chini ya mtu wa fedha na sio mtu wa mazingira. Kwangu mimi uzito wote uko hapo, maana sote tunajua ofisi ya mazingira inaweza kuandika mpango mzuri kabisa lakini mwenye hela akisema hamna, basi hamna. Kule mwenye hela ndo huyohuyo anayebanwa kuhusu moshi. 2023 uongozi wa jiji ulibadilika, wakaingia vyama vingine, na bajeti hiyo ikaendelea.

Lengo lao ni kupunguza 95% ifikapo 2030 ukilinganisha na 2009. Mabasi ya umeme, vivuko vya umeme, gari ikiingia mjini inalipia, mpaka saiti za ujenzi za jiji wanataka makatapila ya umeme. Na umeme wao karibu wote ni wa maji na upepo, kwahiyo ukitoa dizeli ukaweka umeme moshi unapungua kweli, hauhamii kwenye jenereta ya mahali pengine.

Sasa kuna kiwanda kinaitwa Klemetsrud, kinachoma taka na joto lake linapasha nyumba za watu, chenyewe peke yake kilikuwa kinatoa karibu 17% ya hewa ukaa ya jiji zima. Wakapanga kuinasa ile hewa, waipeleke kwa meli ikafukiwe chini ya bahari. 2023 mradi ukasimamishwa, gharama zimepanda mno, Januari 2025 ukaanza tena na unategemewa kukamilika 2029. Hapo ndo utaona kazi ya hii bajeti, mradi ukikwama tani zake zinabaki palepale kwenye hesabu, huwezi kuzifuta kwa hotuba.

Ina upungufu wake pia, inahesabu moshi unaotoka ndani ya mipaka ya jiji tu. Nguo, simu na nyama kutoka nje hazimo kwenye kikomo, wala mafuta na gesi ambayo Norway inauzia dunia, na hilo mi naona ni jambo kubwa sana.

London na Mumbai nao wameshatoa za kwao. Dar je? Dar imo kwenye C40, mtandao wa majiji makubwa yanayoshughulikia tabianchi, ila 2021 ile halmashauri ya jiji ya zamani ilivunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila mmoja ana bajeti yake. Mwendokasi uko chini ya serikali kuu, umeme ni TANESCO. Kwahiyo kikomo cha moshi wa Dar nzima atakisaini nani?

Mi naona pa kuanzia ni taka, maana taka ni kazi ya halmashauri yenyewe haihitaji kumsubiri mtu. Mabaki ya chakula yakirundikwa dampo kama pale Pugu Kinyamwezi yanaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa kwa mbali, wakati yakigeuzwa mboji kama wanavyofanya Kinondoni kule Mabwepande methani inapungua sana. Roli linaingia getini, linapimwa kwenye mizani, tani zinaandikwa. Hizo tani ziwekwe kwenye ukurasa uleule wenye shilingi, na jina la idara pembeni.