Ustaarabu wa ulaji na namna ya kuuvuka

Katika lugha ya uchumi, ulaji ni matumizi ya bidhaa, nishati au huduma yoyote, si chakula peke yake. Kwa maana hiyo hakuna jamii isiyokuwa ya walaji, wala haitatokea. Ustaarabu wa ulaji ni jambo jingine: ni hali ambayo jamii hupima maendeleo yake kwa wingi wa vitu inavyotumia, na kila ongezeko la matumizi huhesabiwa kuwa ni hatua mbele, hata pale linapokula akiba ambayo kizazi kijacho kingeihitaji.

Kipimo hicho si cha kale. Mwaka 1934 mchumi Simon Kuznets aliliwasilishia Bunge la Marekani hesabu za pato la taifa, na katika ripoti hiyohiyo akaonya kwamba ustawi wa watu hauwezi kukadiriwa kwa pato hilo. Hesabu zilienea duniani, onyo lilisahauliwa. Ndiyo maana hadi leo mbao zilizouzwa huongeza pato, lakini kutoweka kwa msitu zilikotoka hakupunguzi chochote katika hesabu hiyo.

Kuvuka ulaji, basi, ni kubadili kipimo na kukubali mpaka. Hakumaanishi kuwanyima umeme wale ambao hawajawahi kuupata. Wao wana haki ya kutumia zaidi, na mzigo wa kupunguza ni wa waliokwisha kushiba. Wala ufundi bora peke yake hautoshi. Mwaka 1865 mchumi William Stanley Jevons aligundua kwamba nchini Uingereza injini za mvuke zilizotumia makaa machache zaidi kwa kazi ileile hazikupunguza matumizi ya makaa. Kazi ya injini ilipokuwa rahisi kwa gharama, viwanda vilizitumia kwa mambo mengi zaidi, na makaa yaliyochomwa yakaongezeka. Uangalifu wa fundi haukuweza kuchukua nafasi ya uamuzi wa jamii.

Je, historia hutufundisha kufanya uamuzi huo? Hapa lazima tutenganishe kujua na kujifunza. Katika bahari ya Newfoundland, nchini Kanada, wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwa miaka kwamba samaki aina ya cod wanapungua, ilhali meli kubwa ziliendelea kuvua. Uvuvi wa kibiashara wa samaki hao uliposimamishwa mwaka 1992, walikuwa wamekwisha karibu wote, na watu wapatao 30,000 wakapoteza riziki. Habari zilikuwepo, kilichokosekana ni kanuni yenye nguvu ya kumzuia mwenye faida.

Kanuni kama hiyo iliwahi kupatikana, nami naona mfano huu haupewi uzito unaostahili. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka la ozoni, yaani hewa ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua, lilikuwa juu ya Antaktika linapungua sana kila majira ya kuchipua. Miaka miwili baadaye nchi zilitia saini Itifaki ya Montreal ili kupunguza kemikali zilizoliharibu, ambazo zilitumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Viwanda vilivyozitengeneza vilikuwa vichache na mbadala ulipatikana, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa wepesi kuhusu mafuta na makaa ya mawe. Hata hivyo, kiini cha mafanikio kilikuwa katika mgawanyo wa gharama: mfuko ulioanzishwa mwaka 1990 ulizisaidia nchi maskini kubadili mitambo yao, nazo zikapewa muda mrefu zaidi. Baadaye ilipobainika kwamba kemikali mbadala nazo huongeza joto la dunia, nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 na kuirekebisha itifaki hiyohiyo ili nazo zipunguzwe.