Usenet haihitaji umati

Kila wazee wa Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, wanapojihesabu na kuona wamepungua, mmoja wao huja na shauri la kutangaza kila mahali ili watu waje kwa wingi. Kazi yangu ni seva, makundi haya nayapenda, na shauri hilo nalipinga.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kwa miaka mingi, kila Septemba vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walipewa akaunti wakaingia bila kujua adabu za ndani. Waliuliza yaleyale, wakaelekezwa kwenye orodha ya maswali ya kila siku, wengine wakakaripiwa, na baada ya wiki kadhaa wakawa wenyeji. Iliwezekana kwa sababu wenyeji walikuwa wengi kuliko wageni. America Online, kampuni ya intaneti, ilipowafungulia wateja wake mlango mwaka 1994, wageni wakawa hawakatiki. Wakongwe mpaka leo wanakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha. Nani angewafunza wote? Wakongwe wengi walichoka, wakahama.

Tarehe 22 Februari 2024, Google Groups, tovuti ya Google ambayo wengi waliingilia makundi haya, iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet. Wapo waliosema sasa ndiyo mwisho. Lakini jumbe taka nyingi zilikuwa zikipitia mlango huohuo, na ulipofungwa makundi yakatulia. Naamini sasa ndipo mahali pa kumleta mtu.

Ila mlete kwa mkono. Kijana wa leo hajawahi kuona programu ya kusomea makundi, kwa hiyo kaa naye. Mwonyeshe Thunderbird, programu ya barua pepe inayosoma pia makundi, msajili bure Eternal September, seva ya Usenet, muweke anwani yake news.eternal-september.org, poti 563, kisha chagueni kundi moja tu lenye uhai, kwa mfano comp.lang.c kama anajifunza lugha ya C. Ukimmwagia majina elfu ya makundi, mengi yakiwa matupu, hatarudi.

Ujumbe wake wa kwanza ndio unaoamua. Ajibiwe siku hiyohiyo, na ajibiwe alichouliza:

> Programu yangu haifiki mwisho wa faili.

Jibu la fgetc liweke kwenye int, si char. Kwenye char, EOF, yaani alama ya mwisho wa faili, inaweza isitambulike.

Hivyo tu. Amenukuliwa sentensi moja, jibu liko chini yake, na papo hapo ameona jinsi tunavyoandika. Kama yeye amenukuu ujumbe mzima na kujibu juu, mwandikie pembeni kwa upole. Nimeona wakongwe wakimkemea mtu kwa mpangilio wa ujumbe huku swali lake likiachwa bila jibu, na inaniuma, maana huyo harudi tena.

Agosti 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliandika kwenye comp.os.minix, kundi la mfumo endeshi wa Minix, kwamba anatengeneza mfumo endeshi, akauliza watu wanapenda nini katika Minix. Walimjibu. Mfumo huo ndio Linux. Hakuna aliyejua siku ile amjibu nani na amwache nani, kwa hiyo mgeni yeyote anastahili jibu.

Kundi lenye watu watano wanaojibu kweli, wageni wawili kwa mwezi linawamudu. Wa tatu asubiri mpaka hao wawili waanze kuwajibu wenzao.