Hita ya maji ya sola Lamu na Malindi: onja maji kabla ya kununua

Jua la pwani halijawahi kuwa tatizo. Hita za sola huku huuawa na maji yanayopita ndani yake na hewa ya chumvi inayozizunguka, na nyingine huuawa na fundi aliyeshuka ngazi kabla ya kuijaribu kazi yake.

Tazama ndani ya birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe unaobanduka kwa kucha, hiyo ni chokaa, na ndiyo itakayoganda kwenye mirija ya paneli maji yakifika nyuzi 60. Kisha yaonje maji yenyewe. Ulimi huanza kuhisi chumvi pale kloridi, kiungo cha chumvi, inapokaribia miligramu 250 kwa lita, na kiasi hicho, maji yakiwa moto, kinatosha kutoboa tangi la stili isiyoshika kutu ya daraja la 304, hasa kwenye mishono iliyochomelewa. Mji wa Lamu hupata maji ya visima vya Shela, ambako maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari chini ya matuta ya mchanga. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwa hiyo kisima kitamu cha leo kionje tena kiangazi.

Penye ukoko, chagua mfumo ambao paneli ina maji yake yasiyobadilishwa, yanayolipasha tangi joto bila kuchanganyika na maji ya kuoga. Penye chumvi, taka tangi lililopakwa enameli, utando kama wa kioo, ndani, lenye fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi. Paneli bapa yatosha. Mirija ya kioo isiyo na hewa ndani hufaa zaidi nchi za baridi, na huku huchemsha maji kupita haja.

Familia ya watu 4 hutosheka na tangi la lita 150 na paneli ya mita 2 za mraba. Kuzipandisha lita hizo kutoka nyuzi 27 hadi 60 ni karibu uniti 6 za umeme kila siku, na hizo ndizo utakazoacha kununua.

Lamu na Malindi ziko kusini mwa ikweta, basi paneli hutazama kaskazini. Kibla cha huku nacho ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo ukitazama msikiti wa mtaani unavyoelekea, umeshaujua upande wa paneli. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15. Ikilazwa kabisa, hewa hunasa ndani na mvua haioshi vumbi wala chumvi juu ya kioo.

Uzito usipuuzwe. Tangi la lita 150 likijaa, pamoja na paneli na fremu, hupita kilo 200. Kwenye nyumba za mawe zenye dari ya boriti za mikoko, miguu ya fremu ikae juu ya kuta, kamwe si katikati ya boriti. Na kwa kuwa mji wa kale wa Lamu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, zungumza na ofisi ya uhifadhi kabla ya kupandisha chochote juu ya paa.

Kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya juu ya paneli kwa sentimita 30 hivi. Maji moto hupanda yenyewe, hakuna pampu. Tangi likikaa chini mno, usiku maji hugeuka na kurudi kupoa kwenye paneli. Bomba linalotoka juu ya paneli lipande mfululizo, sentimita 2 kwa kila mita, bila kishimo wala kinundu. Usiunge shaba moja kwa moja na bomba la mabati, maana kwa unyevu wa chumvi mabati huoza pale pale kwenye kiungo. Bolti ziwe za stili ya daraja la 316, inayostahimili chumvi zaidi.

Kujaza kufanywe alfajiri au baada ya magharibi, paneli ikiwa imefunikwa turubai. Maji baridi yakiingia kwenye paneli iliyoungua jua, kioo cha mirija hupasuka na viungo hulegea. Suuza mabomba kwanza yatoe mchanga na vumbi la kukatia, ndipo uyaunge. Fungua bomba la maji moto bafuni, jaza polepole, liache wazi mpaka liishe kutema hewa. Viungo vikaguliwe vyote kabla ya kuvishwa sponji ya kuhifadhi joto. Chuma cha umeme cha akiba, kinachopasha maji ndani ya tangi, kisiwashwe kabla tangi halijajaa, kitaungua kwa dakika chache.

Ondoa turubai, subiri kwa muda wa saa 2, kisha shika mabomba mawili ya paneli. La juu liwe moto, la chini liwe na ubaridi kidogo. La juu likiunguza huku tangi ni baridi, hewa imenasa. Inua kishikio cha vali ya usalama, ile inayotoa maji shinikizo likizidi: maji yatoke kwa nguvu, ukikiachia yakome. Bomba lake la kumwagia lisiwekwe koki hata siku moja.

Jioni pima joto kwenye tangi. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde 5 hivi, na ya mtoto upesi zaidi, kwa hiyo vali ya kuchanganya maji moto na baridi iwekwe nyuzi 45 kabla fundi hajalipwa. Pima tena alfajiri; joto likiwa limeshuka sana na hakuna aliyeoga, maji yanarudi nyuma usiku au sponji ina mwanya.

Fimbo ya magnesi itolewe kila mwaka, kila miezi 6 kwa maji ya chumvi. Waya wa katikati ukianza kuonekana, nunua nyingine wiki hiyo hiyo.